Uzi Usioingia Chumba cha Upasuaji

Sokoni mjini Plovdiv, Machi ndiyo kwanza imeingia, mikono miwili ilishika fungu moja la vitunguu vya majani. Mmoja ulikuwa wa Rumyana, nesi wa upasuaji, koti lake la kijani limefungwa mpaka kidevuni. Wa pili ulikuwa wa Yavor, fundi saa.

"Chukua wewe, mrembo."

"Kwa vitunguu tu nimeshakuwa mrembo? Ningeshika nyama je?"

Yavor akacheka. Kwenye meza ya jirani akanunua martenitsa, ule uzi mwekundu na mweupe unaovaliwa Machi hadi korongo warudi, akamfunga mkononi. "Usiivue mpaka umwone korongo wa kwanza. Ukiivua, hunitaki."

"Makubwa! Hata jina langu hulijui."

Alilijua siku hiyohiyo, na simu hazikukatika tena. Ikatokea mzee Stamen, baba yake Yavor, akalazwa hospitali ya kina Rumyana kupasuliwa mgongo. Asubuhi ya upasuaji Yavor alimwona Rumyana akipita na nguo za kazi, mikono mitupu. Hakuna uzi! Roho ikamuuma. Mwanamume mzima akanuna, simu za mwenzake akaziacha ziite mpaka jioni moja uzalendo ukamshinda, akapokea.

"Uliivua," alisema, hata salamu hakuna.

"Niliivua, ndiyo. Na saa, na hereni. Yavor, mgongo wa baba yako ulikuwa wazi, unatiwa skrubu. Kijidudu kikitoka kwenye uzi kikanasa pale, kidonda kinaoza, mzee anapasuliwa upya. Ulitaka nikupende hivyo?"

Yavor aliona haya. "Mbona hukuniambia?"

"Kwani uliniuliza? Nilipotoka tu niliivaa. Ninayo hapa, mjinga wangu."

"Nisamehe, kipenzi."

Kidonda cha mzee Stamen kilikauka bila usaha. Aprili alitembea mwenyewe kando ya mto Maritsa, wapenzi wakimfuata nyuma, korongo akapita juu. Rumyana akafungua uzi wake, akautundika, kama desturi, kwenye mti wa mplamu uliochanua. Alipogeuka, Yavor ameshika pete.

Furaha ikamjaa, kisha uso ukamshuka. "Mpenzi wangu, kazini siwezi..."

"Najua. Ivue kila asubuhi. Mimi nitakuvika kila jioni."

Rumyana alilia kidogo, akamnyooshea mkono. Ulinukia sabuni ya hospitali.