Perege wa Mwalimu Tusajigwe

Katika ukumbi wa Makao ya Utulivu, jijini Dodoma, paka mweupe alijinyoosha juu ya kochi, akapiga mwayo, akalala tena. Hakuwa paka. Alikuwa mwigo, yaani mashine yenye manyoya, joto la mwili na mapigo ya moyo, iliyobuniwa ili wazee wapate mnyama wa kufuga asiyekula, asiyechafua wala asiyekufa.

Mhandisi Atupele Mwakalinga alimpapasa kichwani akipita, kama fundi anavyogusa ukuta alioujenga mwenyewe. Yeye ndiye aliyeongoza karakana iliyobuni miigo: paka, kasuku, samaki. Kwa miezi kadhaa alikuwa Mwanza akifungua karakana mpya, na mama yake alizungumza naye kwa simu tu. Siku za karibuni mama alikuwa akijibu kwa neno mojamoja. Atupele aliambiwa ni uchovu wa uzee.

Mama huyo, Mwalimu Tusajigwe, alifundisha kemia Tukuyu mpaka alipostaafu. Alipovunjika nyonga alikubali kuhamia hapa kwa sharti moja: aje na tangi lake la samaki. Alikuwa akifuga perege-kibete, vijisamaki vya rangi visivyozidi urefu wa kidole, ambavyo asili yao ni vijito vya misituni vyenye maji laini, maji yasiyo na chokaa. Kule Tukuyu mvua haikumnyima kitu. Alikinga maji ya paani, akaloweka humo majani makavu ya mti wa mkungu mpaka maji yakawa na rangi ya chai, kisha akaweka kifuu cha nazi. Jike alitaga ndani ya kifuu, akageuka manjano kama embe bivu, na mayai yalipoanguliwa akawalinda vifaranga wake kwa ukali hata akamng'ata mtu kidole. Maji ya bomba ya Dodoma ni magumu, yanaacha utando mweupe kwenye birika. Katika maji ya namna ile mayai ya samaki hao huharibika, na wakubwa hudhoofika. Kwa hiyo Mwalimu alihama na kichujio chake cha kulainisha maji, akawaeleza wahudumu wote, mmoja mmoja, kama alivyozoea kueleza darasani.

Atupele alimkuta chumbani mwake, ameketi mbele ya tangi, kidevu kifuani, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo.

"Shikamoo, mama."

Mwalimu aliinua macho taratibu. "Atu," alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino. "Si... wangu."

Mkononi alivaa bangili-tiba, iliyopenyeza dawa kupitia ngozi. Darini iliwaka taa ya Jicho-Tabibu, mashine iliyowaangalia wakazi mchana kutwa, ikapima dalili zao na kupanga dozi bila kusubiri daktari.

Bwana Lugendo, meneja, aliingia akitabasamu. "Pole, Mhandisi. Mama alianza kuchanganyikiwa. Akawa anakataa chakula, anapiga kelele kwamba kaibiwa samaki. Jicho likatambua ugonjwa, likaongeza dawa. Sasa ametulia, mshukuru Mungu."

"Alikuwa anasema nini hasa?"

Lugendo alicheka kidogo. "Eti maji ni magumu. Eti samaki hawanyi."

Atupele aligeukia tangi. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Hapakuwa na jani hata moja la mkungu, na kwenye kioo, pale maji yalipoishia, utando wa chokaa ulikuwa umeganda. Jike wa manjano alizunguka kifuu chake kwa madaha. Atupele aliifahamu ile manjano. Aliichukua yeye mwenyewe, picha kwa picha, kutoka kwa samaki wa mama yake, alipokuwa akibuni mwigo wa kwanza wa samaki. Mama alimshikia taa siku ile.

Alitumbukiza mkono. Jike hakumng'ata. Alikuja akajisugua vidoleni kwa adabu. Atupele alimtoa, akamgeuza. Chini ya tumbo palikuwa na kitundu cha kuchajia.

"Samaki wa mama wako wapi?"

Lugendo alikohoa. "Walikufa. Yale maji ya rangi ya chai yalionekana machafu, wahudumu wakaweka ya bomba. Tukaleta miigo. Tulitaka kumwepusha na huzuni."

"Mkamwepusha na akili yake!" Sauti ya Atupele ilifika ukumbini. "Alisema maji ni magumu, na ni magumu. Alisema samaki si wake, na si wake. Mlijua! Mlisimama hapa mkamtazama akitiwa dawa kwa kosa la kusema kweli?"

"Jicho ndilo lililoamua, Mhandisi."

"Na Jicho liliambiwa kwamba samaki wamebadilishwa?"

Lugendo aligeukia mlango.

"Nakuuliza, Bwana Lugendo!"

"Halikuambiwa," alisema, na sasa naye alikuwa amekasirika. "Mwigo una faida gani mtu akishajua ni mwigo? Nyinyi wenyewe mlikuja hapa mkatufundisha hivyo. Wewe ulikuwepo."

Ni kweli, alikuwepo, na alipiga makofi. Hasira yake haikupungua kwa hilo. Iliongezeka, kwa kuwa sasa ilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Alimwinua samaki juu, mbele ya lile jicho la darini.

"Tazama! Huyu ni nini?"

"Huyu ni perege-kibete jike, mali ya mkazi," Jicho-Tabibu lilijibu kwa sauti ya upole. "Afya yake ni njema. Mkazi ana fikra potofu kumhusu."

Samaki alikuwa ameshakauka kiganjani, bado akitikisa mkia.

Atupele alimtupa sakafuni. Akapiga magoti, akatoa mkasi wa kucha mkobani, akaikata bangili-tiba, huku Lugendo akipiga kelele kwamba hairuhusiwi na Jicho likirudia onyo lake. Alimweka mama yake kwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma hadi koridoni.

Mwalimu alishika gurudumu, kiti kikasimama.

"Na Chilongani," alisema kwa taabu, akinyoosha kidole kwenye mlango wa jirani.

Ndani aliketi mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, kasuku begani, bangili mkononi. Atupele alimwamkia, akamuuliza habari za ndege wake.

"Wa kwangu alikuwa akinitukana kwa sauti ya marehemu mke wangu," Mzee Chilongani alianza. "Huyu ananisalimia tu." Mara akatazama darini, akakatisha. Alificha mkono wenye bangili chini ya blanketi. "Lakini mimi nimeshapona, binti yangu. Waambie nimepona. Huyu ndiye kasuku wangu."

"Habari za mchana," alisema kasuku.

Atupele alichutama mbele yake.

"Si wako, mzee. Ulisema kweli tangu mwanzo. Huyu nimemtengeneza mimi."

Mzee alimkodolea macho. Kisha akautoa mkono chini ya blanketi, akamsukumia karibu na uso.

"Basi nivue kitu hiki!"