Aliyefutwa Nyuma ya Bibi Harusi

Katika picha ya kwanza, mwanamke yule alisimama nyuma ya bibi harusi. Salme hakushtuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na harusi za mtaa wao wa Ziwa la Ng'ombe hazikosi wageni wasiojulikana na mtu, hula biriani wakaenda zao. Lakini picha ya pili alikuwamo, ya kumi alikuwamo, na ile iliyopigwa chumbani, mlango umefungwa, alikuwamo vilevile. Wanawake wote wamevua mabuibui, yeye kajifunika mpaka macho.

Laptopu ilikuwa na siku tisa tu tangu itoke kwenye boksi. Salme ndiyo kwanza anajifunza kusafisha picha na kukata video, na harusi hii ya binamu yake ilikuwa kazi yake ya kwanza. Akiiharibu, mtaa mzima ungemcheka, shangazi zake wakiwa mbele.

"Mtoe tu," alisema Quinter, jirani aliyekuwa akimfundisha. Yeye ni mpiga picha Kongowea, na haogopi kitu duniani ila virusi vya kompyuta. "Pitisha brashi ya kufutia juu yake. Hiyo nafasi itajijaza yenyewe."

"Itajijaza na nini?"

"Chochote kiko karibu. Wacha uoga, bana."

Salme akapitisha brashi, picha baada ya picha, na nyuma ya bibi harusi pakabaki pazia jekundu. Alifurahi kama mjinga.

Kesho yake alasiri, angali na dera lake la nyumbani, alivaa spika za masikioni, akaanza kukata video. Vigelegele vilipopoa, akasikia sauti ya mama yake, karibu mno na sikio.

"Salme!"

"Abee, mama!" aliitika kabla hajafikiri. Asili yao ni Jomvu Kuu, na binti wa huko hulelewa hivyo.

Mama yake, Mwanatatu, akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Wamwitika nani? Mimi sikukwita."

"Nimesikia sauti yako, mama."

"Imekwita mara ngapi?"

"Moja."

Mwanatatu alishusha sauti. "Nilikwambia tangu u mdogo, usiyemuona akikwita, ngoja mara ya tatu. Jini haiti mara tatu. Ukimwitika, umejitoa mwenyewe."

Hapo harufu ya udi ikajaa chumba, na ndani ya udi harufu ya nywele zinazoungua. Mwanatatu akaifunga laptopu kwa nguvu, akaanza kusoma Ayatul Kursi, lakini vigelegele viliendelea chini ya kifuniko, koo moja likinyamaza baada ya jingine, mpaka likabaki moja tu, likipiga bila kuvuta pumzi, likizidi kupanda huku ulimi wa Mwanatatu ukijikwaa kwenye aya aliyoihifadhi tangu utotoni, kisha nalo likakatika.

"Mlinifuta," ilisema sauti. "Basi pangu pajazwe na kilicho karibu."

Harufu ikaondoka. Salme alikuwa palepale kitini, mzima, ametulia. Mwanatatu akalia kwa furaha, akamshukuru Mola, akamshika mwanawe mashavu. Yalikuwa baridi kidogo. Akarudi jikoni kuutazama wali wake, na moyo ukakataa kutulia, akaita:

"Salme!"

Kimya.

"Salme!"

Kimya.

"Salme, mwanangu!"

"Naam," ikajibu sauti ya bintiye.

Mwiko ukamtoka mkononi. Naam ni itiko la wanaume. Salme hajalitamka tangu azaliwe. Majini huiga sauti, lakini hakuna aliyeyafunza adabu za nyumba hii. Mwanatatu akarudi chumbani. Laptopu ilikuwa wazi, picha ya kwanza ya harusi ikionekana. Mbele ya pazia jekundu, nyuma ya bibi harusi, alisimama msichana mwenye dera la nyumbani, viganja amevibandika kwenye kioo, na spika zikatoa sauti ndogo, ya kulia, yenye adabu zake zote.

"Abee, mama. Abee."

Aliyekaa kitini akanyoosha mkono, akafunga kifuniko.