Mweka Hazina Aliyekataa Kutia Saini

Mshonaji alikung'uta blauzi ya mteja aliyoifua kwa maji ya mto, akaianika kwenye kamba. Ilipokauka, mistari myeupe ilijichora mabegani.

"Chumvi tena!" alisema.

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa anaziba pancha mlangoni. "Na bustani je?"

"Usiniulize. Nyanya zimekunja majani kama zimenuna."

Mama mkwe alicheka kutoka jikoni. "Angalau mchuzi hauhitaji kutiwa chumvi. Mto umeshatukolezea!"

Walicheka wote, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kila kiangazi mto ulipungua. Bahari ilipojaa, maji yake yalipanda mtoni hadi kwenye mashamba. Mboga zilikauka. Nusu ya mtaa walinunua maji ya kunywa kwa madumu.

Mwaka huo serikali ilikubali kugharamia lango karibu na mwisho wa mto. Bahari ikijaa, lango lingefungwa. Ikipwa, lingefunguliwa ili mto utiririke. Fedha zingetolewa kwa awamu mbili, na kamati ya watumia maji ndiyo ingezisimamia. Mshonaji alichaguliwa kuwa mweka hazina. Mwenyekiti alikuwa muuza mbao. Watu walimwita Kasi, kwa sababu hakungoja chochote, hata chai ipoe.

Awamu ya kwanza ilipoingia benki, Kasi alifika kwa mshonaji na hundi mkononi.

"Dada, tia saini hapa. Haraka, mafundi wananisubiri."

Mshonaji aliisoma polepole. "Hizi ni za kutengeneza daraja la miguu?"

"Ndiyo. Daraja limeoza. Jana bibi mmoja nusura atumbukie na kapu lake. Tulitengeneze sasa, kisha awamu ya pili tutafidia."

"Lakini fedha zimeletwa kwa ajili ya lango, mwenyekiti."

"Kwani daraja si la mto huohuo? Mimi sili hata senti!"

"Najua huli. Ila mkataba tuliousaini hautaji daraja."

Kasi alikunja uso. "Basi bibi akivunjika mguu, utamshonea!"

Aliondoka bila kuaga.

Siku mbili hazikupita, maneno yakazagaa. "Yule mshonaji amekalia pesa," walisema sokoni. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa.

"Una uhakika na unachofanya?" mumewe alimuuliza.

"Sina," alijibu. "Ndiyo maana naenda kuuliza."

Asubuhi alifunga cherehani, akaenda ofisi ya maji. Mhasibu alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, umefanya kazi yako," alisema. "Fedha hizi zina kazi moja, kupunguza chumvi mtoni. Mkizipeleka kwingine, hata kwenye jambo jema, lango litabaki ukuta nusu. Na awamu ya pili haitoki mpaka tuone hesabu za ile ya kwanza na kazi iliyofanyika."

"Na daraja tuliache lioze?"

"Hapana. Andikeni barua, mweleze shida. Kuomba si kosa. Kosa ni kutumia kwanza, kisha kuomba. Ngojeni jibu la maandishi."

Kisha alimweleza mengine. Kabla ya kununua, waulize bei kwenye maduka matatu. Kamati ichague kikaoni na kuandika sababu. Kila kitu kiwe na risiti, na hesabu zibandikwe ubaoni mahali ambapo kila mtu anapita. Mwisho alifungua droo, akatoa kifaa kidogo kama kalamu nene, chenye kioo cha namba.

"Hiki kinapima chumvi. Risiti zitaonyesha fedha zilikokwenda. Hiki kitaonyesha kama zimefanya kazi."

Kikaoni mshonaji aliyaeleza yote. Kasi alikuwa amekunja mikono.

"Jibu la barua litachukua mwaka," alinung'unika.

"Tujaribu, kaka. Iandike wewe, maana mwandiko wangu daktari mwenyewe hausomi."

Watu waliangua kicheko. Kasi naye alitabasamu, akaomba karatasi. Siku hiyohiyo alitoa mbao mbili dukani kwake, bure, akaziba mahali pabaya zaidi pa daraja.

Wiki tatu baadaye alikuja mhandisi, barua ya Kasi mkononi. Alilitazama daraja, akapima mahali pa kujenga lango, akafungua mchoro wake.

"Kuta za lango zitakuwa pana," alisema. "Tukiongeza nondo kidogo na mbao juu, watu watavuka hapohapo. Gharama ni ndogo. Nitawaletea kibali cha maandishi."

"Kumbe!" Kasi alisema, akajikuna kichwa.

Kazi ilianza. Hesabu zilibandikwa kwenye ubao kando ya kisima, na watu walizisoma kwelikweli. Siku moja muuza mboga alipaza sauti: "Hapa pameandikwa mifuko arobaini ya saruji. Mimi nimehesabu thelathini na tisa!"

Kazi ilisimama. Wakahesabu upya. Mfuko wa arobaini ulikuwa umekaliwa na fundi mwashi, anakula mkate wake. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena kuwa pesa zimekaliwa.

Awamu ya pili ilitoka bila swali hata moja. Lango likakamilika kabla ya kiangazi.

Siku bahari ilipojaa sana, mtaa mzima ulisimama juu ya lango. Upande wa bahari maji yalipanda, yakagonga chuma. Mshonaji alishuka upande wa mashamba, akatumbukiza kipimo. Kiangazi kilichopita, mahali hapo, watu wa ofisi ya maji walikuwa wamepima gramu nane za chumvi kwa lita. Mshonaji aliitazama namba mara mbili.

"Haijafika hata moja!" alipaza sauti.

Vigelegele vilipasua hewa. Mama mkwe alimkumbatia fundi mwashi bila kujua ni nani.

Mwezi uliofuata, kamati ya mto mwingine ilikuja kujifunza. Kasi aliwapeleka juu ya lango.

"Mimi nilitaka kukimbia," aliwaambia. "Mweka hazina wetu huyu alikataa kutia saini. Nikamkasirikia, mtaa ukamsema. Leo mmesimama juu ya lango na daraja kwa pamoja, na kila senti ina karatasi yake. Msikilizeni yeye."

Wageni walipiga makofi. Mshonaji aliinama kidogo kwa haya, kisha akainua uso. Alilifungua jalada la kamati juu ya ukuta wa lango.

"Karibuni," alisema. "Tuanze na ukurasa wa kwanza."