Bakshishi kwa Jina Langu

Oda iliingia magharibi, taa za barabarani ndiyo kwanza zinawaka. Kuku na viazi, vya watu wawili. Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho kushoto. Chini yake mteja kaandika: Aje yule yule wa siku zote.

Nikacheka peke yangu. Nyumba ile sikuwahi kuikanyaga.

Ila jina na picha anavyoviona mteja kwenye simu yake ni vyangu, na sababu naijua. Kaka yangu alifungiwa akaunti yake kwa kujibizana na wateja, nikamwazima yangu kwa siku ninazopumzika. Baba yetu mmoja, mama mbalimbali. Mama yake alifariki yeye hajaanza kutembea, akalelewa na mama yangu. Tumekula sahani moja, tumelala mkeka mmoja. Ningemnyimaje?

Sharti nilimpa moja tu.

"Kaka, kwa jina langu usipokee bakshishi."

"We naye! Mtu akikupa kwa moyo wake?"

"Bei ni bei. Akishalipa tumemalizana."

Kijiweni, pale nje ya mgahawa tunaposubiria oda, wenzangu wananiita Bei-ni-Bei. Waniite tu. Cha bure kinaniwasha mkono.

Jengo halikuwa na lifti. Nikapanda. Ngazi za ghorofa ya tatu taa imeungua, nikawa napapasa ukuta. Hapo ndipo nikatambua kitu. Mfuko umeniunguza mkono, mvuke unanipiga usoni, na mimi... sisikii harufu ya kuku. Hata kidogo.

Nilidhani ni mafua. Lakini ilikuwa wiki ya sita hiyo, kila ninachokula ni kama natafuna karatasi. Mke wangu nilishamfokea mara mbili kuhusu chumvi, mpaka akaniwekea kopo zima mezani. "Haya, bwana chumvi, jimwagie!" Nikajimwagia. Sikusikia kitu.

Nikabisha.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukiwa umefungwa. Mama wa makamo, gauni safi, miwani imening'inia kifuani. Akanitazama kuanzia viatu hadi helmeti.

"Leo umekuja mwenyewe," akanong'ona.

Nyuma yake, gizani, kulikuwa na sauti. Taratibu... taratibu... Mtu anatafuna.

Chakula bado ninacho mkononi. Sasa huyo anatafuna nini?

Yule mama akapitisha bahasha ya kaki kwenye upenyo wa mlango.

"Chukua. Ya saba hii."

"Mimi sipokei bakshishi, mama."

"Sita umeshapokea."

"Mimi?"

"Kila mara nauliza kabla sijaiachia: hii ni ya nani? Na kila mara najibiwa." Akalitaja jina langu. Halafu, polepole, kama anayeonja mchuzi, akalitaja jina la mama yangu.

Ile programu ya simu inajua jina langu. Picha yangu inayo, na namba ya pikipiki inayo.

Jina la mama yangu haina.

"Mwanangu alikuwa hali chochote," akasema. "Miaka mitatu. Bahasha ya kwanza, akaanza kusikia chumvi. Ya pili, sukari. Sasa hivi hata harufu anaisikia, alijua unakuja ukiwa bado uko chini. Kimebaki kimoja."

"Kipi?"

"Njaa."

Mimi hasira hunitangulia. Nikausukuma mlango kwa bega, mnyororo ukakaza, nikachungulia. Meza. Sahani tupu. Mtu amenipa mgongo, mabega yametokeza kama kitanda kilichovunjika. Akajilamba kidole gumba, kisha akakifuta sikioni.

Hivyo ndivyo nifanyavyo mimi. Tangu utoto. Mama alinipiga kwa hilo hadi akachoka.

"Vyangu virudi!" nikasema. Sauti ikanitoka nyembamba.

"Mimi si mwizi," mama yule akajibu, naye kakasirika. "Nilitoa, nikauliza, nikajibiwa. Kama jibu lilikuwa la uongo, mwenye kulisema aje hapa. Nitamuuliza mara moja. Akisema ni zake, zitamfuata yeye, wewe utaachwa."

"Na asiposema?"

Akauchukua mfuko wa kuku kwa adabu kabisa, akafunga mlango.

Kaka nilimkuta kijiweni, amekaa juu ya pikipiki, anakula karanga. Sikumsalimia.

"Umempa mtu jina la mama."

Karanga zikasimama njiani, kati ya mkono na mdomo.

"Nani kakwambia?"

"Nimetoka kule mwenyewe, kaka."

Akazimwaga chini. Hakuniangalia. "Mara ya kwanza nilitaka kutaja langu. Wallahi nilitaka. Ulimi ukagoma. Wewe umesikia kinachotafuna mle ndani? Nikasema, mdogo wangu huyu hapokei bakshishi, labda haitamshika."

"Na ya pili? Na ya sita?"

Akazisukuma karanga kwa ncha ya kiatu.

"Na mama? Si ungemtaja wa kwako?"

"Wa kwangu yuko kaburini," akasema chini chini. "Niliogopa kumwamsha."

Nilitaka kumpiga. Ngumi niliikunja kabisa. Lakini akaanza kulia, mtu mzima, makamasi hadi mdomoni, na mimi tangu utoto huyu akilia sina nguvu. Akanishika mkono.

"Kesho twende. Nitasema ni zangu. Haki ya Mungu, mdogo wangu, nitasema."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Kusema kweli ni neno moja tu, halihitaji shule.

Kesho yake, magharibi, tukapanda. Penye lile giza la ghorofa ya tatu akanishika bega. Alikuwa anatetemeka, nami nikamwambia, "Usiogope, kaka, niko nyuma yako." Mimi ndiye niliyemtia moyo!

Mlango ulikuwa wazi kidogo tayari. Mnyororo umefungwa. Ile sauti ya kutafuna inasikika mpaka kwenye korido.

Mama yule akatoa bahasha.

"Zile sita, na hii. Ni za nani?"

Kutafuna kukakoma.

Kaka akafungua mdomo. Akageuka, akanitazama usoni, macho yamejaa maji, kama anayeniomba ruhusa.

Nikamwitikia kwa kichwa. Sema.

Akalitaja jina langu.

Na la mama.

"Asante," ikajibu sauti kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye mdomo umejaa.

Kaka akaipokea bahasha, akateremka ngazi mbio. Mimi ninayegombana na watu kwa noti iliyochanika, nilisimama pale kama gogo, nikihesabu viatu vyake vikigonga ghorofa baada ya ghorofa.

Akaunti nimeifunga. Haikusaidia. Daktari amenipima damu, akapima choo, akaniambia niko mzima, nipunguze mawazo. Nakula kwa saa ya ukutani, kama mtu anayemeza dawa. Ninaposahau kuitazama, siku mbili hupita. Suruali naikaza kwa kamba. Kaka naye amenenepa kidogo, na watu wanamsifia.

Mama sijamwambia. Nitaanzia wapi? Kwamba mtoto aliyemlea kwa mikono yake amelitoa jina lake mlangoni kwa watu?

Jumapili iliyopita alituita wote wawili tule kwake. Akampakulia kaka kwanza, kama siku zote, kwa kuwa ni mkubwa. Kisha mimi. Nikaitazama ile sahani kama mtu anavyotazama kokoto. Moshi wake nauona unavyopanda. Basi, ni hivyo tu, moshi.

"Baba, mbona huli?" mama akaniuliza.

Kaka akaunyoosha mkono, akaivuta sahani yangu upande wake.

"Ameshiba, mama," akasema.