Nguo Isiyokuwa na Kasoro

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Hamda alijaza mitungi miwili kwenye bomba la jirani, akanywa chai kwa anjera, mkate mwembamba wa Kisomali, kisha akashika njia ya shule. Mtaa mzima wa Galbet ulimjua. Wanawake waliouza maziwa kando ya njia walimwita "yule wa namba moja", naye alijifanya hasikii, huku akipunguza mwendo ili wamalize kusema.

Tangu darasa la kwanza hadi la saba hakuna aliyewahi kumpita. Kisha, muhula wa pili wa mwaka 1996, akaja Ruweyda. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Ifo, akakaa kwa adeer yake, yaani ndugu wa baba yake, Barre fundi cherehani. Mwalimu Kerrow akamketisha dawati moja na Hamda. Mgeni huyo alikuwa mpole na mcheshi, hata Hamda akakosa sababu ya kumchukia. Hilo nalo lilimuudhi.

Muhula huo mwalimu alikuwa akiwasomea hadithi za Wagiriki wa kale. Alikuwa amezichapa mwenyewe kwa taipureta, nakala moja tu, nao wanafunzi walipokezana kwenda nazo nyumbani. Jumatatu aliwasomea ile ya mfalme aliyeomba kila atakachokigusa kiwe dhahabu, hata mkate wake ukawa dhahabu mdomoni.

"Dhamira ya hadithi hii ni nini?" aliuliza.

Mkono wa Hamda ulikuwa wa kwanza. Alisimama akaisimulia hadithi yote upya, kwa sauti ya kuvutia, hata wa madawati ya nyuma wakaacha kunong'onezana.

"Umesimulia vizuri," mwalimu alisema. "Lakini hayo ni yaliyotokea. Mimi nauliza hadithi inatuambia nini kuhusu watu, hata sisi wa Garissa tusio na ufalme wala dhahabu."

Hamda alibaki amesimama. Ruweyda akainua mkono polepole. "Mwalimu, mtu mwenye tamaa hupoteza hata kile alichokuwa nacho."

Mwalimu aliyaandika maneno hayo ubaoni kama yalivyo. Darasa likapiga makofi. Hamda naye alipiga, mara mbili tu, akaketi. Roho ilimuuma kwelikweli.

"Hadithi ya pili ni ya msichana mfumaji," mwalimu aliendelea. "Kila mmoja ataandika dhamira yake. Atakayeshinda atasoma insha yake siku ya wazazi. Ruweyda, anza wewe kwenda na karatasi."

Miaka yote aliyesoma siku ya wazazi alikuwa Hamda. Mama yake alikuwa ameshawaalika majirani.

Jioni hiyo, alipotoka dugsi kusoma Kurani, Hamda hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alisimama kwenye baraza alikoshonea Barre, akamsalimu kwa adabu, kisha akasema kwa Kisomali, "Adeer, unajua Ruweyda anasoma nini? Karatasi za miungu wengi, wa kiume na wa kike."

Barre akasimamisha cherehani. "Shuleni?"

"Nimeona nikwambie tu, Adeer. Sipendi apotoke."

Hakusema kwamba darasa zima lilisoma karatasi hizo hizo. Wala hakusema kwamba siku ya kwanza mwalimu aliwaeleza wazi kuwa hizo ni ngano za watu wa zamani, hakuna aliyetakiwa kuziamini.

Jumanne nafasi ya Ruweyda ilikuwa tupu. Jumatano vivyo hivyo. Hamda alijibu maswali yote peke yake, na kila alipogeuka kuona kama kuna aliyemshinda, aliona ubao mtupu wa dawati. Furaha aliyoitarajia haikuja.

Alhamisi mwalimu akamwita. "Wewe ni jirani yake. Nenda ukaulize kulikoni, na urudi na karatasi. Wenzako wanazingoja."

Alimkuta Ruweyda barazani akishona vifungo, macho yamevimba. "Abaayo, dada yangu, umenikumbuka," Ruweyda alisema, akamsogezea mkeka. Afadhali angemtukana.

Barre alizitoa karatasi chini ya rundo la vitambaa. "Mimi Kiswahili cha vitabuni sikijui. Wewe ndiye uliyeniambia zina nini, basi nisomee nisikie mwenyewe. Siku tatu huyu analia, nami sina raha."

Sindano ya Ruweyda ikasimama. Alimtazama Hamda.

Hamda alisoma huku akitafsiri. Msichana alijigamba kwamba hakuna amshindaye kufuma. Mungu wa kike wa ufumaji akaja, wakashindana. Kila mmoja akamaliza nguo yake, na yule mungu akaikagua ya msichana uzi kwa uzi.

"Akaona kasoro gani?" Barre aliuliza, kama fundi yeyote angeuliza.

"Hakuona hata moja."

"Halafu?"

"Akaichana. Akamgeuza msichana kuwa buibui."

"Nguo haina kasoro. Kwa nini aichane?"

Hamda, bingwa wa kusimulia, aliteremsha karatasi. Alitazama sare yake mwenyewe, aliyoshonewa na Barre huyu huyu.

"Kwa sababu ilikuwa nzuri," alisema hatimaye. "Aliona gere, Adeer. Na mimi pia. Karatasi hizi tunazisoma sote, na mwalimu hakutuambia tuziamini. Nilimchongea Ruweyda ili asije shule."

"Nilidhani ni mwalimu aliyemwambia Adeer anizuie," Ruweyda alisema kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, abaayo."

Ruweyda alirudia kifungo chake.

Barre alichukua shati lililokuwa kwenye cherehani, akaligeuza ndani nje. "Mimi nguo hukagua hivi. Lakini maneno yako niliyapokea kwa nje tu, kwa kuwa yalitaja dini. Hapo nami nilikosa. Kesho asubuhi nitampeleka Ruweyda kwa mwalimu mwenyewe, nawe utakuja useme mbele yake ulichosema hapa."

Na alisema yote. Mwalimu Kerrow hakumchapa. Alimpa karatasi na kumwambia, "Sasa nenda uandike dhamira. Nadhani unayo."

Siku ya wazazi aliyesoma insha alikuwa Ruweyda. Kabla yake, mwalimu alimsimamisha Hamda aisimulie ile hadithi ya mfumaji, maana katika kusimulia hakuwa na mwenzake. Ruweyda alipomaliza kusoma, Hamda alipiga makofi na wengine hadi mwisho. Kisha akajipenyeza hadi alipoketi Barre.

"Adeer, bado inaniuma kidogo."

"Itauma," Barre alisema. "Hata mimi nikiona shati zuri la fundi mwingine, huniuma. Gere humjia kila mtu, na kuja kwake si dhambi yako. Dhambi ni kuichana nguo ya mwenzako. Siku nyingine ukiona nzuri kuliko yako, kaa chini karibu naye utazame alivyoishona."

Ruweyda alikuwa akirudi, karatasi mkononi. Alipofika, alisita kidogo, kisha akaketi kwenye benchi la Barre, akasogea, akamwachia Hamda nafasi.