Kijiko cha Chumvi ya Jirani

Kila Oktoba, kabla baridi haijashika milima yetu, Bibi Rozalia hunisugua miguu kwa brashi mpaka iwe myekundu. Huikagua kidole kwa kidole, kisha hunitia ndani ya pipa la mbao nikanyage kabichi. Yeye hunyunyiza chumvi ya mawe kutoka kwenye gunia, nami nakanyaga mpaka kabichi itoe maji. Tunaila hiyo hadi Pasaka. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiishi na Bibi kwa sababu wazazi wangu walifanya kazi mjini na kurudi Jumamosi tu. Nilikuwa ndani ya pipa nilipomwambia habari za gari jeupe.

"Bibi, kuna gari la madaktari shuleni. Wanatupima shingo kwa altrasaundi. Na kila mtoto apeleke kijiko cha chumvi ya kwao."

Bibi aliacha kunyunyiza. "Chumvi? Wanapima shingo, chumvi ya nini?"

"Mwalimu anasema ni utafiti."

"Utafiti!" Akachekea puani. "Kinu cha atomiki kilipolipuka kule mashariki, nani alituambia? Walinyamaza, halafu wakaja mbio na dawa ya kahawia. Kunyweni, msiulize! Ulikuwa na miaka minne, ukanitapikia aproni yote. Leo wanataka chumvi yangu, kesho watasema kabichi yangu ina sumu. Hawapati hata chembe."

Sikubisha. Mimi mwenyewe nililishuku lile gari. Madirisha yake yalikuwa na mapazia, na walioingia walitoka wakijifuta shingo. Lakini ningekwenda mikono mitupu, Mwalimu Gąsior angeniuliza mbele ya darasa zima. Basi asubuhi nikamwendea Jędrek, ambaye mama yake anauza dukani.

"Nigawie chumvi yako."

"Kwani kwenu mnakula nyasi?"

"Nigawie bwana, acha maneno!"

Akanimiminia nusu ya chumvi yake ya pakiti, huku akicheka.

Ndani ya gari palinuka spiriti. Msaidizi alidondosha tone la dawa kwenye chumvi yangu, ikageuka zambarau papo hapo. "Safi," akasema. "Ina madini joto." Akaandika kwenye kadi. Kisha Daktari Szymik, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, akanipima kimo na uzito, akanilaza, akanipaka shingoni jeli ya baridi. Alipitisha kifaa upande wa kulia wa koo, halafu wa kushoto, akiangalia vivuli kwenye skrini na kumtajia msaidizi urefu, upana na kina. Akasita. Akapima tena.

"Tezi ya koo, mililita kumi na saba," alisema. "Kwa umri na kimo chake ni kubwa mno." Akanigeukia. "Hanka, hii ndiyo chumvi mnayopikia nyumbani?"

"Ndiyo, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alinitazama usoni. Nikajua ananishuku, nikageuza macho kwenye mapazia.

"Basi kosa si la chumvi," alisema. "Itabidi tutafute sababu nyingine, na huenda ikawa mbaya zaidi." Akaniandikia barua ya kwenda hospitali ya Krakow. Huko wangenichoma sindano shingoni, wachukue kipande cha tezi wakichunguze.

Nilidhani Bibi ataichana ile barua. Aliisoma mara mbili, akaketi kwenye kigoda, machozi yakimdondokea aproni.

"Ni ile sumu ya mashariki," alisema. "Siku ile kulikuwa na jua zuri. Mimi ndiye niliyekutoa nje tukachunge kondoo, kutwa nzima. Nimekuua, mjukuu wangu."

Sikuwa nimewahi kumwona Bibi akilia, hata siku tulipomzika Babu. Moyo uliniuma kuliko sindano yoyote.

"Bibi, usilie. Ile chumvi haikuwa yetu."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya kina Jędrek."

Alininyanyulia mkono kama anayetaka kunizaba kofi, akaushusha. Akachota gunini gao la chumvi, akalifunga kwenye leso. "Vaa viatu," alisema.

Shuleni tuliwakuta Daktari na msaidizi wake garini, wakikunja nyaya.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bibi alisema mlangoni.

"Milele amina," Daktari akaitika.

"Pima hii. Hii ndiyo yetu. Na usinidanganye, naangalia."

Msaidizi akadondosha tone. Chumvi ikabaki nyeupe. Akaongeza jingine. Nyeupe vilevile.

Daktari aliketi, akashusha pumzi. "Afadhali! Bibi, udongo na maji ya milima hii hayana madini joto ya kutosha. Tezi ya koo ikiyakosa hujitanua, na rovu huanza hivyo. Mpe mtoto chumvi ya pakiti yenye madini joto, nitampima tena baada ya miezi sita. Krakow isubiri kwanza."

"Chumvi ya pakiti inalainisha kabichi. Kila mwanamke hapa anajua."

"Basi ya gunia ibaki kwenye pipa. Ya pakiti tia kwenye supu, viazi na mkate."

Bibi alifikiri. "Hilo naliweza."

Na kweli aliliweza: Aprili iliyofuata tezi yangu ilikuwa imepungua, na Krakow sikwenda. Lakini siku ile Daktari hakuwa amemalizana nami.

"Mashine yangu inapima tezi, Hanka, haipimi uongo," alisema. "Ukiniletea chumvi ya jirani, namtibu jirani kwenye shingo yako."

Niliona haya, nikalia. Daktari akaziangalia shanga nyekundu za Bibi, zilizozunguka shingo nyuzi kwa nyuzi hadi kidevuni. Wanawake wote wazee wa kijiji chetu huvaa hivyo. Siku zote nilidhani ni urembo.

"Na chini ya hizo, bibi?"

Bibi alizishika kwa mkono. "Gari si la watoto?"

"Leo nina nafasi."

Akazifungua, uzi baada ya uzi, nikaona rovu lililolingana na yai la bata. Alilala kitandani, akanishika mkono.

"Kushuku nilikufundisha mimi, na sijuti," aliniambia. "Lakini ukimshuku mtu, muulize usoni. Ukimpa uongo aupime, atakayeumia ni wewe." Kisha akainua kichwa, akamkazia Daktari macho. "Haya, na hayo mafuta ya baridi, yana nini ndani?"