Dada wa Kazi Amefika

Chiriku alirudi kutoka shule mchana kama kawaida, akavua viatu mlangoni, akakuta chakula kimefunikwa mezani. Shangazi yake alikuwa bado saluni, anasuka watu. Mtoto huyo, jirani yetu kabisa, alipewa jina la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Tangu mama yake afariki, mdomo ule ulikuwa kimya kama mtungi mtupu.

Watu walisema ni majonzi. Yalikuwepo, lakini aibu ndiyo iliyomtafuna zaidi.

Mama yake alikuwa akifua nguo za watu. Siku moja ya baridi alimpelekea sweta shuleni, gauni limelowa tumboni, vidole vimechubuka kwa sabuni.

"Nani yule?" wenzake waliuliza.

"Dada wa kazi," Chiriku akajibu.

Mama alisikia. Akamkabidhi sweta kwa mikono miwili. "Haya, bosi wangu," akasema, akaenda zake. Nyumbani hakuligusia. Mwezi haukuisha, homa ya mapafu ikamchukua.

Sasa mchana ule, tonge likiwa mdomoni, mlango uligongwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Dada wa kazi. Nimekuja kufua."

Sauti ilikuwa ya mtu mwenye maji kifuani. Chiriku akachungulia dirishani. Hapakuwa na mtu. Lakini uani, ndani ya beseni, sare yake ya pili ilikuwa inafikichwa. Inapanda. Inashuka. Povu linaruka. Mikono haionekani.

Jioni alimweleza shangazi. "Ni huzuni tu, mwanangu," shangazi alinong'ona, huku macho yake yameganda kwenye kamba. Sare ilikuwa imeanikwa, na si yeye wala Chiriku aliyeianika.

Ikawa hivyo kila mchana, hadi siku rafiki zake wawili walipomsindikiza nyumbani. Kabla hawajakaa vizuri, mlango uligongwa.

"Hodi. Dada wa kazi."

"Si yule wa sweta?" mmoja akauliza. "Bado yupo?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini. Ilibaki kusema ndiyo.

"Hodi." Safari hii ilitoka chumbani.

"Si dada wa kazi," Chiriku alisema. Uso ulimwaka kama aliyepigwa kofi. "Yule alikuwa mama yangu. Nilimkana mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Walianza kurudi nyuma, taratibu. Hawakuwa wanamtazama yeye. Walitazama nyuma yake.

Chiriku hakugeuka.

"Mama, nisamehe," alinong'ona. "Nguo zangu nitazifua mwenyewe. Nimekua. Pumzika."



Hodi ile haikusikika tena. Chiriku alifua nguo zake, akatokwa malengelenge, akajifunza. Lakini sare aliyovaa mchana alipoomba msamaha ilikuwa na alama mbili za viganja mabegani, zimelowa. Ilianikwa juani kutwa nzima. Ikapigwa pasi mpaka kitambaa kikanuka moshi.

Mwaka uliofuata ilimbana, akashonewa nyingine. Ile ya zamani ipo kabatini. Ukiigusa mabegani, bado ina maji.

Ya uvuguvugu.